Nani Anashika Swichi ya Redio Yetu?

Mwaka 2025, hapa Gitega, niliwasikia wanafunzi wenzangu wakishangilia kufungwa kwa redio. Tarehe 14 Machi Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuipunguza idara inayosimamia Sauti ya Amerika mpaka kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Kesho yake, siku ya Jumamosi, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakaambiwa wabaki nyumbani. Idhaa za lugha zote zikanyamaza, Kiswahili ikiwemo, pamoja na ile ya Kirundi na Kinyarwanda tunayoiita Ijwi rya Amerika. Baadhi ya masafa yakabaki yanapiga muziki tu. Redio iliyoanza kusema mwaka 1942, katikati ya vita, ikakaa kimya kwa mara ya kwanza. Na sisi tunaosomea Kiswahili, baadhi yetu tukapiga makofi: propaganda ya mabeberu imekwisha, Waafrika tupumue.

Nataka kubishana na makofi hayo. Sibishani kwa kuipenda Marekani. Sijafika huko wala sijaomba viza. Nabishana kwa sababu wanaoshangilia wameuona mkono mmoja tu, wa Washington, wakausahau mkono mwingine uliofanya kazi hiyohiyo hapa kwetu miaka saba kabla. Kwa maoni yangu redio kulipwa na serikali si dhambi. Dhambi ni kumwachia mtu mmoja swichi. Na sisi wasemaji wa Kiswahili, ambao matangazo ya dunia tumeyasikiliza maisha yetu yote bila kutoa hata faranga moja, tutaendelea kuzimiwa mpaka siku tutakapolipa wenyewe, kisha tuwafunge mikono wale tutakaowakabidhi hela hizo.

Tuanze na nani alizimiwa. Mimi ni mtu wa Muyinga. Huko Gasorwe iko kambi ya Kinama, na wakazi wake ni Wakongomani, wengine wakiwa wamekaa hapo zaidi ya miaka ishirini. Kiswahili chao ni cha Kivu, walimu wetu wangekipigia mistari myekundu, lakini ndicho wanachoishi nacho. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka Rusizi kuingia Burundi. Mtu mwenye dada yake Bukavu anataka kujua nini? Anataka kujua kama soko la Kadutu limefunguliwa, kama benki zinatoa pesa, kama barabara ya Uvira inapitika. Na anataka kuambiwa na mtu asiyeshika bunduki. Kinshasa ilikuwa na maelezo yake, M23 walikuwa na yao, Kigali ilikuwa na yake, na Burundi, ambayo askari wake walikuwa hukohuko Kivu ya Kusini, ilikuwa na yake. Katika hali hiyo idhaa ya Kiswahili isiyo mali ya yeyote kati ya hao wanne ilikuwa sawa na kisima. Mwezi mmoja baada ya Bukavu kuanguka, mtu mmoja ofisini Washington, ambaye sidhani kama jina la Bukavu lilimpitia akilini, akakifunika.

Najua jibu: wasikilizaji walihamia kwingine. Ni kweli. Sokoni Muyinga na kule Kobero mpakani, ambako madereva wa malori ya Tanzania husubiri karatasi zao huku redio ikizungumza ndani ya kabini, wako waliohamia BBC, wako waliohamia DW ya Ujerumani, wako waliohamia RFI ya Ufaransa. Lakini tazameni tulivyohama: kutoka swichi ya Washington kwenda swichi ya London, ya Bonn, ya Paris. Mpangaji akifukuzwa akapata chumba mtaa wa pili hajawa mwenye nyumba.

Na habari ya simu na WhatsApp tuiache mapema. Hapa chuoni tunanunua mega tukasahau kwamba vijiji vingi vya nchi hii havina umeme wa kuchajia hiyo simu. Redio ndogo ya betri mbili haiulizi salio.

Wanaoziita hizi redio za mabeberu wana haki kwa sehemu, na sehemu hiyo nawapa yote. Tazameni miaka. Cairo ya Gamal Abdel Nasser ilianza kutangaza kwa Kiswahili katika miaka ya 1950, ikiwachochea Waafrika dhidi ya Waingereza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza tarehe 27 Juni 1957. Sauti ya Amerika ikafuata mwaka 1962, Ujerumani Magharibi mwaka 1963. Hakuna aliyetuletea matangazo kwa kupenda ngeli zetu. Bendera zilikuwa zinateremshwa na kupandishwa, na kila mkubwa alitaka awahi masikio ya watu kabla mwenzake hajayafikia.

Ila hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikuwa na matangazo ya nje, na iliwapa wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO, muda wa kuzungumza na watu wao waliokuwa chini ya wakoloni na makaburu. Sijamsikia mwalimu hata mmoja akiita jambo hilo propaganda. Mimi pia siliiti hivyo. Lakini ilikuwa hela ya serikali, mitambo ya serikali, na shabaha ya serikali. Kama kosa la redio ni kulipwa na serikali, basi tuitupe na hiyo pamoja na nyingine, tuone nani ataunga mkono.

Redio inapimwa siku moja tu: siku ambayo serikali inayoilipa imeaibika. Siku hiyo inasema nini? Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa, pamoja na Israeli, ziliivamia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez. Waziri Mkuu Anthony Eden hakutaka wasikilizaji wa nje wajue kwamba nchi yake imegawanyika. BBC ikamrusha hewani Hugh Gaitskell, kiongozi wa upinzani, akiilaani vita hiyo, na maoni ya magazeti yaliyoipinga serikali yakatangazwa kwa walimwengu. Serikali ikatishia kukata pauni milioni moja katika ruzuku ya matangazo ya nje, tena ikampeleka afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje akakae Bush House, palepale walipokuwa watangazaji. BBC haikuinama. Ruzuku iliyotishiwa kukatwa ndiyo iliyokuja kulipia idhaa ya Kiswahili mwaka uliofuata. Kwa hiyo hela ilikuwa ya serikali, na mdomo haukuwa wa serikali. Inawezekana, ila haiji yenyewe. Kulikuwa na bodi, kulikuwa na desturi, na kulikuwa na watu waliokubali kuhatarisha mishahara yao.

Wamarekani nao waliujua ugonjwa huu, na kisa chao ndicho ninachowaomba wenzangu wakisome polepole, kwa sababu Trump ni mwisho wake tu. Mwaka 1976 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyoipa Sauti ya Amerika mkataba wake: habari ziwe za kweli, zisielemee upande, zionyeshe Marekani yote, haikuwa mali ya chama kimoja. Mwaka 1994 sheria nyingine ikajenga uzio. Kukawa na bodi ya watu tisa: Waziri wa Mambo ya Nje, na wanane walioteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, ambao wasiozidi wanne tu waliruhusiwa kutoka chama kimoja. Kazi ya bodi hiyo ilikuwa kusimama katikati, mwanasiasa asimfikie mhariri.

Bodi hiyo ililalamikiwa sana. Ilisemwa ni nzito, wajumbe wake si wa kudumu kazini, maamuzi yanachelewa. Huenda yote yalikuwa kweli. Basi mwezi Desemba 2016 ikapitishwa sheria, ikatiwa saini na Barack Obama, iliyohamisha madaraka ya bodi na kumpa mtendaji mkuu mmoja anayeteuliwa na Rais. Sababu ilikuwa ufanisi. Sijui kwa nini ufanisi ndio wimbo unaoimbwa kila mara mtu anapotaka kubomoa ukuta. Mwaka 2020 tukaona matunda ya kwanza: Michael Pack alishika kiti hicho mwezi Juni, na ndani ya siku chache wakuu wa vituo kadhaa wakawa wamefukuzwa, mwezi Oktoba akaifuta kanuni iliyowakinga wahariri. Wengi wakasema ni mtu mmoja mbaya, ataondoka. Aliondoka. Kiti kikabaki. Mwaka 2025 amri ilipotoka, hakukuwa na bodi ya kusema hapana. Jaji Royce Lamberth aliamuru mwezi Aprili matangazo yarudishwe. Mwezi Juni barua za kuachishwa kazi zikawafikia wafanyakazi 639. Trump hakuhitaji kuvunja mlango. Aliukuta hauna komeo, na aliyeling'oa komeo hilo alikuwa mpinzani wake, kwa nia njema kabisa.

Sasa turudi nyumbani, mahali ambapo insha za aina hii huishiwa wino.

Matangazo ya nje hufika kwetu kwa njia mbili kubwa. Masafa mafupi yanaruka mipaka. Mtambo unaweza kuwa Botswana au São Tomé, na waziri wa hapa hana la kufanya ila kusikiliza kama wengine. FM ni tofauti: inasikika safi kuliko masafa mafupi, lakini mnara uko juu ya kilima cha mwenye nchi na kibali kiko mfukoni mwake. Mwaka 2011, baada ya serikali ya Uingereza kupunguza fungu la BBC World Service kwa asilimia 16, BBC ilitangaza kuondoa masafa mafupi katika lugha kadhaa, na Kiswahili pamoja na idhaa ya Maziwa Makuu vilikuwa katika orodha. Hakuna mwanasiasa aliyempigia mhariri simu kumwambia aseme nini. Walipunguza tu hela, na kwa kupunguza hela wakausogeza mlango wetu karibu zaidi na mkono wa wenyeji.

Mkono ukafanya kazi yake. Mei 2018, siku kumi kabla ya kura ya maoni ya katiba iliyofanyika tarehe 17, Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC, lilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika kwa miezi sita. RFI, Isanganiro na CCIB FM+ zikapewa onyo. Tarehe 29 Machi 2019, miezi michache tu baada ya Gitega kufanywa mji mkuu wa kisiasa, CNC iliifutia BBC kibali na kuiongezea Sauti ya Amerika adhabu isiyo na tarehe ya mwisho. Mwandishi yeyote, awe Mrundi au mgeni, akakatazwa kuzipelekea habari. BBC ilikuja kuruhusiwa tena Machi 2022.

Sababu zilitajwa. BBC ilishtakiwa kwa filamu ambayo serikali iliiita ya uongo, na Sauti ya Amerika kwa kumwajiri mwandishi anayetafutwa na vyombo vya sheria. Sitaihukumu filamu hiyo hapa. Redio ikisema uongo, iko mahakama, iko haki ya kujibu, iko faini. Ninachouliza ni nani aliyeamua, mbele ya nani, na kama msikilizaji wa Muyinga alikuwa na pa kupeleka malalamiko yake. Wajumbe wa CNC huteuliwa na Rais. Mkurugenzi mkuu wa RTNB, redio yetu ya taifa ambayo Kiswahili kinapata dakika zake katika chaneli ya pili pembeni ya Kifaransa na Kiingereza, naye huteuliwa na Rais. Simtukani mtu yeyote kwa kusema haya. Naeleza ramani ya nyaya. Ukiichora ramani ya Washington ya baada ya 2016 na ya kwetu ukaziweka meza moja, zitafanana kuliko mabalozi wa pande zote mbili wangependa.

Tena tusijidanganye kwamba redio binafsi zilitosha kutuokoa. Bonesha ilizaliwa mwaka 1996 ikiitwa Umwizero, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Na tarehe 13 na 14 Mei 2015, katika jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance ziliharibiwa, na Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, nayo ikashambuliwa. Pande mbili zilizokuwa zinawindana zilikubaliana jambo moja tu, kwamba redio ya mwenzako ichomwe.

Kwa hiyo ninachodai kwa wenzangu ni tuache kushangilia tuanze kudai. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane. Ina Kamisheni ya Kiswahili kule Zanzibar. Dunia imetupa tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili, na kila mwaka tunaiadhimisha kwa makongamano, hotuba na fulana. Redio ya pamoja ya kimataifa kwa lugha hiyo, yenye waandishi wake Bukavu, Mombasa, Juba na Muyinga, hatuna. Lugha inayosifiwa kwa kuvuka mipaka inasubiri walipa ada wa Uingereza na walipa kodi wa Ujerumani waigharamie taarifa ya habari ya asubuhi! Tulikaririshwa shuleni kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hawa hata undugu nao ni wa kutafuta.

Hela itatoka wapi? Isitoke kwenye michango ya serikali ya kila mwaka, kwa maana Jumuiya imelilia michango hiyo miaka nenda rudi, na nchi yetu imo kati ya zilizochelewa kulipa. Waziri wa fedha anayeweza kuchelewesha mchango ameshashika swichi, hata kama hajui. Iwe tozo ndogo sana kwenye simu zinazovuka mipaka ya nchi wanachama, iliyowekwa kwa sheria ya Bunge la Afrika Mashariki, inayokwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa redio bila kulala hazina ya mtu. Mfanyabiashara wa Muyinga anayempigia mwenzake Ngara kila siku kuuliza bei atakuwa amechangia, na atakuwa na haki ya kulalamika, haki ambayo leo hana popote. Bodi iteuliwe na zaidi ya mkono mmoja: vyama vya waandishi, vyuo vikuu, mabunge. Vipindi vya wajumbe visiishe pamoja. Kumwondoa mjumbe iwe kazi ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Na mitambo ya masafa mafupi iwekwe katika nchi mbili tofauti, ili serikali moja ikikasirika, sauti itokee upande wa pili. Ikisemwa bodi ya namna hii ni nzito na itachelewesha mambo, nitakumbusha Desemba 2016.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, na alinipa mwenzangu mmoja tukiwa tunatoka darasani. Kongo na Rwanda zote ni wanachama. Zitakubalije kulipia redio moja itakayosema ukweli kuhusu Bukavu? Na Burundi je? Sina jibu tamu. Nina jibu la kisheria: Mkataba wa Jumuiya unaruhusu nchi zilizo tayari zitangulie na nyingine zifuate baadaye, na forodha na mengineyo yamekwisha kuendeshwa kwa mwendo usio sawa. Tanzania na Kenya zikianza mbili tu, matangazo yatafika Gasorwe bila kumwomba mtu ruhusa. Ningependa Burundi iwe ya tatu kabla ya kuwa ya nane.

Burundi ina wabunge tisa Arusha. Barua yao nimeianza, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, na nusu iliyobaki nimeiachia sahihi. Wanaoshangilia kimya cha Machi 2025 nawaalika wa kwanza. Walitaka Waafrika tuwe na sauti yetu, na hapo chini pana mistari ishirini na minne.